Makava Thelathini na Nane

SURA YA NNE

Zilikuwa zimebaki saa saba na nusu, na mpelelezi alikuwa akikamua mbuzi.

"Simama wewe," Restituta Hhando alimwambia mbuzi, akamkamata sikio la kushoto, lile lenye mkato wa nusu mwezi upande wa chini na tundu dogo juu yake. Mbuzi huyo aliletwa na mlinzi wa shule mwaka juzi kama zawadi ya mtoto, akiwa ameshakatwa sikio tayari, na tangu siku hiyo hakuwahi kusimama dakika nzima bila kufanya uhalifu. Alipiga sufuria teke. Maziwa yakaenda chini.

Wakati huohuo Jenifa, binti wa miaka tisa, alikuwa akivuta khanga ya mama yake kwa nyuma, akielekea mlango wa chumba cha ndani. Alivuta hivyohivyo Jumanne. Akavuta tena Jumatano. Restituta akageuka ili mtoto amwone mikono, kwa sababu Jenifa hasikii tangu kuzaliwa, akamfanyia alama mbili walizozoea: baadaye, nina kazi. Jenifa akakanyaga ardhi kwa hasira, akaenda kukaa kizingitini, akiwa amekunja mikono kama mkuu wa shule.

Ieleweke kwamba Restituta hakuwa mpelelezi kwa kusomea. Alikuwa mtunza stoo wa Sekondari ya Gidabagar. Zamani aliwahi kuwa mgambo wa kata kwa miezi kumi na minane, na cheo hicho kilimwachia filimbi moja, mkanda usiofunga, na imani thabiti kwamba kila kosa huacha alama. Siku ya Jumatatu mkuu wa shule alimkabidhi daftari jipya na kumwambia, "Mama Jenifa, funguo za chumba cha kompyuta ziko kwako na kwa mlinzi tu. Tafuta vilivyopotea, au nitaandika kwamba wewe ndiye uliyevipoteza." Kwa sentensi mbili hizo kata nzima ikapata idara ya upelelezi.

Vilivyopotea ni sidi thelathini na nane. Mtu asiyejua angesema, sidi tu, hata sokoni ziko. Mtu huyo hakumwona Mwalimu Nicodemo akipanda mwamba ulio nyuma ya bweni la wavulana kila jioni kwa miaka miwili, kwa kuwa juu ya mwamba huo ndipo mtandao ulipokuwa unafika, akitafuta programu za kufundishia ambazo ni za bure kweli. Alipata mia mbili na sita. Nyingi zilijiita za bure, halafu zikamsubiri mtoto afike somo la tatu ndipo zidai kadi ya benki. Nyingine zilikataa kufunguka bila mtandao. Nyingine zilizifanya laptopu kuukuu za shule zipumue kama mgonjwa wa pumu. Nicodemo alizijaribu zote, moja baada ya nyingine, na zilizofaulu alizichoma kwenye sidi na kuziandika kwenye kaunta buku: jina, darasa, lugha, dakika za kufunguka, na safu ya mwisho aliyoipenda kuliko zote, aliyoisoma kwa sauti kwa kila aliyepita karibu: "Ruksa kunakili na kugawa." Zilifaulu thelathini na nane. Laptopu zenyewe zilikuwa na tumbo dogo, hazikuweza kuhifadhi kitu, kwa hiyo programu zilikaa kwenye sidi, na sidi zilikaa kabatini.

Namba kumi na saba ilikuwa ya watoto wasiosikia. Picha inatokea, mkono unafanya alama, neno linaandikwa. Jenifa alikaa mbele yake mwaka mzima, kila siku baada ya saa tisa, na kwa programu hiyo alijua kuandika maneno mia moja na kumi na mawili. Kabla ya hapo alijua kuandika duara.

Leo saa nane mchana angefika Benedikta, afisa wa mradi uliotoa laptopu kumi na mbili, akiwa na kirikuu, kigari cha mizigo, na barua. Barua ilikuwa imeshasomwa paredi wiki iliyopita: kama sidi zote zilizoorodheshwa zipo na zinafanya kazi, laptopu zinabaki. Kama hazipo, zinapelekwa Mbulu kwenye shule nyingine. Na bila laptopu hizo za zamani zenye mdomo wa sidi, Jenifa angerudi kwenye duara.

Saa moja na nusu Restituta alifungua eneo la tukio kwa mara ya nne tangu Jumatatu. Daftari lilionyesha yafuatayo. Kufuli: halijavunjwa. Dirisha: nondo zote zipo. Paa: linavuja juu ya kabati, ndoo imewekwa. Laptopu: kumi na mbili, zimefunikwa kwa vitambaa vya kufuma. Kabati: makava thelathini na nane ya karatasi, yamepangwa kwa namba, yote matupu.

Hilo la mwisho ndilo lililomnyima usingizi. Mwizi wa sidi anachukua na kava lake, maana bila kava sidi inakwaruzika. Huyu aliacha makava, tena kwa mpangilio. Halafu kila kava lilikuwa limekatwa pembeni. Moja lilikuwa na mkato wa pembetatu. Jingine lilikuwa na mikato miwili midogo. Jingine lilipasuliwa ncha.

Alipiga simu kwa Nicodemo, ambaye alihamishiwa Rukwa mwezi wa nane. Simu iliita mara sita.

"Mwalimu, namba kumi na saba. Huna nakala popote?"

"Nilikuwa nayo kwenye flashi, Mama Jenifa. Flashi ilikufa njiani. Nimeshakwambia jana."

"Na kule ulikoipakulia?"

"Nilijaribu tena usiku. Tovuti imefungwa. Aliyeitengeneza alikuwa mtu mmoja, aliifanya kwa ajili ya mwanawe, naona ameacha kuilipia. Nyingine naweza kuzitafuta upya, nipe miezi miwili. Hiyo siwezi."

"Mimi nina mpaka saa nane."

"Najua," alisema Nicodemo. "Pole sana, mama."

Sasa, mshukiwa wa kwanza. Chumba cha kompyuta zamani kilikuwa maabara ya kemia. Mwalimu Hermani wa kemia alinyang'anywa chumba hicho, akapewa kona ya jiko, na tangu hapo alifundisha asidi na besi kwenye harufu ya maharage. Sababu ya chuki alikuwa nayo. Na jana jioni mpishi alimnong'oneza Restituta kwamba shamba la ngano la Hermani, nyuma ya nyumba za walimu, lilikuwa linametameta.

Restituta alifika saa mbili na robo, amefunga khanga kiunoni, makava yote kwenye mfuko wa plastiki. Mpishi hakudanganya. Kamba zilivutwa kutoka mti hadi mti, na kwenye kamba zilining'inia sidi, zikizunguka kwa upepo na kurusha mwanga kila upande. Alihesabu kwa kidole. Thelathini na sita, thelathini na saba, thelathini na nane. Alikimbia katikati ya shamba.

"Mama Jenifa!" Hermani alitoka nyuma ya choo akiwa na mswaki mdomoni. "Unakanyaga ngano yangu!"

"Mwalimu, hizi ni nini?"

"Za kufukuza ndege."

"Zimetoka wapi?"

"Zimetoka harusini."

Restituta alinyakua iliyokuwa karibu, akaigeuza. Kwa kalamu nyekundu iliandikwa: HERMANI NA JUDITH, SEHEMU YA PILI.

"Sehemu ya kwanza ndege waliizoea," alisema Hermani. "Wakawa wanakuja kuiangalia. Zile kule ni za kwaya, na zile za mwisho ni sinema za kupigana za shemeji yangu."

"Na mkeo anajua umemtundika?"

"Ndiye aliyechagua kamba."

Restituta alizikagua zote, moja hadi ya mwisho, kwa kuwa utaratibu ni utaratibu. Kulikuwa na harusi, kwaya, ngumi, ubatizo. Namba kumi na saba haikuwepo. Alikaa chini palepale kwenye ngano aliyoivunja, na Hermani, ambaye alikuwa amejiandaa kudai fidia, akautoa mswaki mdomoni.

"Nionyeshe hayo makava," alisema.

Alikwenda nayo barazani, akatoa kioo cha kukuzia, kitu pekee alichookoa kutoka maabara yake. Alikagua pole pole.

"Panya siye. Panya anatafuna, anaacha nyuzi. Mwanafunzi mwenye wembe siye pia, mwanafunzi hukata haraka, mstari unatetereka. Hiki ni kisu kikali na mkono mzito uliotulia. Huyu mtu amezoea kukata kitu kinachojitikisa, mama. Karatasi kwake ni mchezo."

"Kinachojitikisa kama nini?"

"Mimi ni mtu wa kemia," alisema Hermani. "Vitu vyangu havijitikisi. Vinalipuka tu."

Kutoka kwa Hermani kurudi shuleni njia inapita josho la kijiji, na Alhamisi ni siku ya kuogesha mifugo. Barabara ilikuwa imejaa ng'ombe kutoka ukingo hadi ukingo. Restituta alisimama katikati yao, saa ya simu ikionyesha saa tatu na dakika ishirini, akiwa na kava namba tano mkononi, hana njia ya mbele wala ya nyuma. Ndama mwekundu akaja kumnusa mfuko. Akatikisa sikio kumfukuza nzi.

Sikio lilikuwa na mkato wa pembetatu.

Restituta aliliangalia sikio. Akaliangalia kava. Akamshika ndama kwa mkono mmoja na kuliweka kava juu ya sikio kwa mkono wa pili, na mkato ukakaa juu ya mkato kama ufunguo ndani ya kufuli lake.

"Mama," ilisema sauti kutoka juu ya ukuta wa josho. Ilikuwa ya Tito, msimamizi wa josho, mtu wa makamo mwenye kofia ya plastiki. "Unamsomea ng'ombe barua?"

"Shikamoo, kaka Tito. Ndama huyu wa nani?"

"Marahaba. Wa Mama Udaghat. Kata yote inajua, alama yake ni hiyo, pembetatu kwenye ncha."

"Na huu?" Alichomoa kava namba sita.

"Mikato miwili kushoto? Ukoo wa kule bondeni, karibu na chumvi."

"Na huu?"

Tito alishuka ukutani. Nyuma yake ng'ombe waliruka ndani ya dawa na kutoka wakikohoa, na wenye mifugo walianza kusogea, wengine wakiwa na fimbo na mashuka mabegani, kumwona mwanamke aliyekuwa akipanga karatasi masikioni mwa ng'ombe. Alifanya kazi kwa utaratibu. Namba, mkato, mwenye alama. Daftari likajaa. Saa nne na nusu alikuwa na majina thelathini na saba. Kava moja tu ndilo lililokosa sikio: nusu mwezi upande wa chini, na tundu dogo juu yake. Namba kumi na saba. Tito mwenyewe alilishika kwa muda mrefu akatikisa kichwa.

"Hii si ya ng'ombe wa hapa. Labda Gitting. Au labda imebuniwa tu."

Restituta aliwageukia wenye mifugo. "Sidi za shule ziko kwenu?"

Mwanamke mmoja mwenye bangili za shaba hadi kiwiko alitazama pembeni. Mzee mmoja aligundua ghafla kwamba kiatu chake cha tairi kina kokoto.

"Mkinificha," alisema Restituta, "saa nane mtoto wangu anakuwa bubu mara ya pili."

"Hawafichi," alisema mtu nyuma yake. "Wanatunza."

Alikuwa Gidahosh, mlinzi wa shule, mzee mrefu mwenye shuka jeusi, akiwachunga ng'ombe wake sita kuelekea josho. Kiunoni alikuwa na kisu kwenye ala ya ngozi, kisu kilekile alichokuwa nacho Jumatatu, Jumanne na Jumatano, mbele ya macho ya idara nzima ya upelelezi.

"Shikamoo, mzee Gidahosh."

"Marahaba, mama."

"Jumatatu nilikuhoji."

"Ulinihoji. Uliniuliza, nani ameiba? Nikasema, hakuna aliyeiba. Umeandika?"

Restituta alifungua ukurasa wa kwanza. Ilikuwa imeandikwa, tena kwa mwandiko mzuri.

"Basi uliandika vizuri."

"Kwa nini hukuniambia umezigawa?"

"Hukuuliza. Ulikuwa unapuliza filimbi."

Tito alicheka, kisha akauona uso wa Restituta, akarudisha macho kwa ng'ombe.

"Mzee," alisema Restituta, "kwa nini?"

Gidahosh aliegemea fimbo. Kiswahili chake kilitembea polepole, neno moja moja, kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

"Ijumaa ile mvua ilipita kwenye bati, ikashuka juu ya kabati. Nikaweka ndoo. Nikasimama nikaangalia. Kundi lote, zizi moja. Kaka yangu pale Jorodom alikuwa na ng'ombe kumi na tisa, zizi moja, ile Desemba mlima ulipomwaga matope. Asubuhi tulichimba, tukapata pembe. Mimi zangu nimeweka kwa marafiki, wawili huku, watatu kule. Zizi moja likifa, mengine yapo. Hata wewe hujui nina ng'ombe wangapi. Sita hawa ni wa kuonekana."

"Lakini hizi ni za shule!"

"Mwalimu Nicodemo alisema ruksa. Kila siku alisoma kwa sauti: ruksa kunakili na kugawa. Kunakili sijui." Akanyoosha mkono kuelekea watu waliosimama. "Kugawa najua. Nimempa kila mmoja mwenye boma la kuaminika. Kusoma sijui pia, kwa hiyo nikakata alama yake kwenye karatasi, karatasi ikabaki kabatini. Nani anacho nini, yote iko pale. Hiyo ndiyo orodha yangu. Ya mwalimu ilikuwa nzuri, lakini haikusema ng'ombe yuko wapi."

Restituta alitaka kukasirika, akakosa mahali pa kuanzia.

"Namba kumi na saba. Iko wapi?"

Gidahosh alitazama kulia, akatazama kushoto, akapunguza sauti. "Ile ina ndama. Nilipeleka na ndama wake, huwezi kuwatenganisha."

"Ndama gani? Mzee, wapi?"

"Hapa kuna masikio mengi, na nusu yake si ya ng'ombe. Angalia alama. Hiyo unaijua kuliko mimi."

Kisha akawageukia watu, akasema nao kwa lugha yao maneno yasiyozidi kumi. Fimbo zikainuliwa, mashuka yakarushwa mabegani, na josho likaanza kumwagika kila upande: wengine kwa miguu, wawili kwa boda, mwanamke wa bangili akikimbia. Gidahosh naye akadandia baiskeli ya Tito. "Nakwenda za mbali," alisema, akaondoka kuelekea barabara ya Gitting, ng'ombe wake wa kuonekana wakibaki na Tito.

Restituta alibaki josho mpaka saa sita. Aliangalia kila sikio lililopita. Aliangalia ng'ombe mia mbili na kumi na wawili, wengine mara mbili, mmoja wao kwa karibu mno hata akapata pembe ya mbavu. Nusu mwezi haikuwepo. Tundu halikuwepo. Ng'ombe wa mwisho alipopanda kutoka kwenye dawa akitiririka, mpelelezi aliinama juu ya ukuta wa josho na kutapika hasira yote kwenye nyasi. Chakula hakikutoka, kwa sababu hakuwa amekula. Kisha akajifuta mdomo kwa khanga, akaenda shuleni.

Sidi zilianza kurudi. Moja ilikuja ndani ya kibuyu. Moja ilikuja katikati ya Biblia, kwenye Zaburi. Moja ilikuwa imefungwa kwa ngozi laini ya mbuzi kama mtoto mchanga, moja ilinukia samli. Restituta alizifuta kwa pindo la khanga na kuzirudisha kila moja kwenye kava lake. Saa saba na nusu zilikuwa kumi na tisa. Saa nane kasoro dakika tano zilikuwa ishirini na tisa. Saa nane kamili kirikuu kiliingia getini, kwa sababu mabaya hayachelewi kamwe katika wilaya hii.

Benedikta alikuwa dada wa miaka thelathini hivi, macho mekundu kwa vumbi. Alimsalimia Restituta shikamoo kwa heshima, akafungua kaunta buku la Nicodemo, akalisoma kurasa tatu.

"Nani aliandika hii?"

"Mwalimu aliyehama."

"Ni kazi nzuri kuliko ya ofisini kwetu." Alilifunga. "Tuzijaribu."

Aliingiza sidi sita, moja moja, kwenye laptopu iliyokuwa karibu na mlango. Nne zilifunguka. Ya samli ilizunguka, ikapiga kelele, ikagoma. Nyingine ilikuwa imekwaruzwa mpaka mwanga unapita.

"Ishirini na tisa kati ya thelathini na nane," alisema Benedikta. "Na hizi mbili zimekufa. Ya kumi na saba?"

"Bado haijafika."

"Inatoka wapi?"

Restituta alifungua mdomo ili kueleza habari za masikio, matope na ndama, akaona jinsi ambavyo ingesikika kwenye ripoti. "Mbali," alisema. "Nipe mpaka kesho, Madam. Nimeshajua zote zilipo, nina daftari. Kesho asubuhi tu."

"Mama, ningekuwa ni mimi ningekupa wiki. Barua inasema leo. Gari limekodiwa leo. Mbulu kuna watoto sitini wamekaa darasani wanasubiri." Sauti yake haikuwa mbaya, na hilo ndilo lililoumiza. "Dereva, pakia."

Dereva alianza mwisho wa meza. Alivua kitambaa, akabeba laptopu. Akavua kitambaa, akabeba laptopu. Restituta alisimama ukutani akihesabu kwa kuwa hakujua kufanya kingine. Nane. Tisa. Mlangoni Gidahosh alikuwa amefika na baiskeli, jasho likimtiririka, sidi tatu za Gitting mkononi, amechelewa kwa dakika kumi. Kumi. Kumi na moja.

Dereva alivua kitambaa cha kumi na mbili. Chini yake kulikuwa na kopo la biskuti, la pembe nne, limelazwa kwa uangalifu.

Siku nne mpelelezi aliingia chumba hiki, na siku nne alihesabu vitambaa. Ile ina ndama. Nilipeleka na ndama wake. Sidi namba kumi na saba na mashine iliyokuwa ikitumiwa nayo, kona ya mwisho, kiti cha Jenifa. Na kava lile: nusu mwezi upande wa chini, tundu dogo juu yake. Alikuwa ameshika sikio hilo asubuhi hiyohiyo, kwa mkono wake wa kulia, maziwa yakimwagika. Aliangalia ng'ombe mia mbili na kumi na wawili. Nani alimwambia aangalie ng'ombe tu?

"Ya kumi na mbili iko wapi?" Benedikta alinyoosha mkono, akachukua daftari la upelelezi, akalifunua. "Hapa Jumatatu umeandika kumi na mbili."

"Nimeandika, zimefunikwa."

"Mama. Nani ameiba?"

Restituta alimtazama Gidahosh. Gidahosh alikuwa akiutazama mlima Hanang kupitia mlangoni, kwa makini sana, kana kwamba umewekwa pale mchana huo.

"Hakuna aliyeiba," alisema Restituta.

"Umetafuta?"

"Kila mahali, isipokuwa kwangu."

Benedikta alimkazia macho. Restituta hakupepesa. Mwishowe afisa alishusha pumzi, akachomoa karatasi kwenye jalada lake.

"Sina nguvu ya utani, mama, na gari hili halina taa za mbele. Andika maelezo: mashine moja haijaonekana, ikiwa chini ya uangalizi wako. Weka sahihi. Una siku saba. Isipoonekana, ni kazi yako hiyo, na labda na polisi."

Restituta aliandika. Sahihi ilikaa juu ya mstari. Kirikuu kiliondoka na laptopu kumi na moja zilizorundikwa nyuma na kufunikwa na vitambaa vya kufuma, na vumbi lake likabaki hewani muda mrefu.

"Niliposema unaijua alama," alisema Gidahosh, "nilidhani unamjua mbuzi wako."

Restituta alikuwa ameshapita geti.

Alipita uani bila kumtazama mbuzi, akaingia chumba cha ndani. Jenifa alikuwa amekaa chini, mgongo kitandani, kipande cha kitenge kilichokuwa kimeificha kimetupwa pembeni, laptopu mapajani. Hakusikia mlango. Kwenye skrini mkono uliochorwa ulikuwa ukifanya alama ya maji, polepole, mara ya kwanza, mara ya pili. Kwenye kona taa ndogo ya chaji ilikuwa nyekundu. Asilimia nane. Nyumba hiyo ilikuwa na sola ya kuchaji simu tu.

Restituta alipiga magoti. Mtoto akashtuka, akamwona, akamtazama usoni kwa muda bila kutabasamu: aliyemvuta khanga Jumanne, akamvuta Jumatano, akamvuta leo asubuhi.

Kisha akageuza laptopu ili mama aone, akafuta neno MAJI, na kwa kidole kimoja, akitafuta kila herufi, akaandika neno ambalo halikuwemo kati ya yale mia moja na kumi na mawili.

UMECHELEWA.

Asilimia saba.